Huyo Unayemsoma ni Nani

Naikumbuka vizuri siku ya msiba wa babu yangu, mwanangu, na leo nakaa kitako nikusimulie. Nimesikia mwalimu wenu wa Kiswahili kawapa insha, na wewe umeshaanza kukusanya misamiati kama mtu anayeokota chupa za plastiki mtaani. Tulia kwanza. Mie ni mzee wako. Usicheke. Mie niko kidato cha nne, wewe uko cha kwanza na shati lako la shule bado linakufika magotini kwa sababu mama yako kanunua la kukulia. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mie nimeishi shule hii kuliko baadhi ya walimu wake.

Babu yangu, Mzee Anselmi, alikuwa mchonga vinyago. Alitoka Newala kijana, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati hapa hapa Manzese, nyuma kidogo ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo basi la mwendokasi likipita chai inatikisika kikombeni. Mie nililelewa na yeye na bibi yangu, Bibi Skola, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Wao walilala chumbani, mie kwenye kochi la sebuleni, na katikati yetu pazia.

Babu alifariki wakati wa likizo. Turubai likafungwa, viti vya kukodi vikaja, spika zikaletwa, akina mama wakawasha majiko. Mazishi yakapangwa kesho yake mchana. Na unajua kwetu Wakristo mtu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijaondoka nyumbani, mtu mmoja anasimama na kipaza sauti, anasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa wapi, kafanya kazi gani, kaugua vipi, kaacha nani. Mjomba Festo, mtoto mkubwa wa babu, karani mwenye nyumba yake Kinyerezi na suti isiyokunjamana hata msibani, akaniita pembeni.

"Wewe si ndo mwandishi wa familia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Andika wasifu wa mzee. Wakubwa wangu wa ofisini wanakuja. Usituangushe."

Sasa, mwanangu, mtu aliyezoea insha zake kusomwa mbele ya darasa usimwambie asiwaangushe watu. Mie niliposikia vile nikajua kinachotakiwa ni maneno mazito. Nikachukua daftari, nikajificha nyuma ya nyumba penye ndoo za maji, nikaanza kuchota. Nikaandika hivi: "Ndugu waombolezaji, tumekusanyika kumuaga mhimili adhimu usiotikisika, kito chenye thamani isiyomithilika, nyota iliyong'ara katika anga la ukoo wetu, ambaye kwa unyenyekevu uliotukuka na hekima isiyo kifani alijitoa mhanga kwa ustawi wa jamii yake pasi na kuchoka."

Hiyo ni sentensi moja. Nilipoisoma kwa sauti nilibaki sina pumzi, nikadhani ndo utamu wenyewe. Mjomba akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii ndo lugha," akasema. Akapiga picha ukurasa mzima, akamtumia jamaa wa fotokopi auchape.

Nikaingia chumbani kwa bibi kifua mbele. Bibi alikuwa amekaa kwenye godoro lililotandikwa chini, kanga kichwani, akina mama wamemzunguka. Mama yangu alikuwa mlangoni anamenya vitunguu.

"Bibi, nimeandika ya babu. Nikusomee?"

"Soma."

Nikasoma yote, na sauti nikaipandisha na kuishusha kama mtangazaji. Nilipofika kwenye nyota, mama mmoja akapenga kamasi. Nikajisemea, imeingia hiyo. Nilipomaliza, bibi akanitazama.

"Huyo unayemsoma ni nani?"

"Si babu, bibi."

"Babu yupi?"

"Babu Anselmi."

"Mhimili usiotikisika," akarudia polepole, kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki mdomoni. "Na huo mhimili ulikuwa unakoroma?"

Nikaona akina mama wameanza kutikisika mabega, kanga midomoni.

"Maana wangu alikoroma," bibi akaendelea. "Mpangaji wa upande wa pili aligonga ukuta mpaka rangi ikabanduka. Na hiyo nyota yako, iliwahi kumwaga vumbi la mpingo kitandani? Mie nimelala na vumbi la mpingo tangu nimeolewa. Huyo mtu wako hajawahi kunikera hata siku moja. Simjui. Kamsome kwa mkewe."

"Mama jamani," mama yangu akasema, "mtoto kajitahidi."

"Nimeona kajitahidi. Jasho linamtoka." Kisha akanivuta mkono, nikachuchumaa, akashusha sauti. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kesho wanamfukia mume wangu. Nataka nimsikie mara moja tena kabla hajafunikwa. Sitaki kingine. Ukinisomea mtu mwingine pale mbele, utakuwa umenizikia mgeni."

Debe tupu haliachi kuvuma, ndivyo wanavyosema wakubwa wenzangu. Ila hawakwambii kwamba debe lenyewe linapovuma huwa linajisikia ngoma. Nilitoka mle chumbani nimenuna. Badala ya kukaa na maneno ya bibi, nikajiambia: kama hawataki lugha ya juu, nitawapa ya chini. Mtoto wa mjini nimekosa nini?

Nikaandika upya. "Mzee Anselmi alikuwa mwamba, hana mbambamba. Kwenye mpingo alikuwa hatari na nusu, na wana wote wa mtaa walimkubali kinoma." Nikawasomea rafiki zangu waliokaa kwenye benchi nje ya turubai. Wakagongeana mikono, mmoja akaniambia, "Hapo umeua, mwanangu." Nikaanza kupona.

Kumbe kwenye kiti cha nyuma yetu alikuwepo Mzee Saidi. Huyu ni muuza mchele soko la Tandale, na zaidi ya hapo alikuwa mtani wa babu, utani ule wa makabila, wa tangu mababu wa mababu. Wametukanana kwa mapenzi toka mie sijazaliwa.

"Nisomee na mie," akasema.

"Shikamoo, mzee. Haya ni ya vijana tu."

"Marahaba. Kwani marehemu kafa kijana? Soma."

Nikasoma, safari hii sauti imepungua.

"Kinoma ndo nini?"

"Sana, mzee."

"Sasa kwa nini usiseme sana?"

"Haina ladha."

Mzee Saidi hakunibishia. Akanyoosha kidole kwenye mkeka ulioko kona ya turubai. Pale walikuwa wamekaa dada zake babu waliotoka Newala kwa basi, miguu wameinyoosha, imevimba kwa safari.

"Wale wametoka mbali kuja kumzika kaka yao," akasema. "Hawa rafiki zako wamekuja kula pilau. Wewe unawaandikia wa pilau."

Rafiki zangu wakanyanyuka mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka ana shughuli. Nikabaki na daftari langu.

Hapo ndo kidogo akili ikanirudia. Ile ya kwanza niliwaandikia wakubwa wa ofisini kwa mjomba, watu ambao hata majina yao sikuyajua. Ya pili niliwaandikia wana wa kijiweni. Wenye msiba, wale wenye miguu iliyovimba na yule aliyekaa kwenye godoro, niliwaruka mara zote mbili. Ni kama mtu anayepika kwa kumfurahisha anayepita njiani, na wenye nyumba wanalala njaa.

Sijui Mzee Saidi aliniona uso ulivyonishuka au muda wake ulikuwa umefika tu. Akainuka. Mtani msibani ana ruhusa ambayo mwingine hana. Anaweza kufanya mzaha mbele ya jeneza na hakuna wa kumkemea, tena asipofanya watu wanalalamika. Akaenda karakana, akarudi kavaa kofia ya babu iliyochakaa na ile aproni yake ya turubai. Akampokonya mpishi mwiko. Akaweka kigoda katikati ya watu, akakaa, akafumba jicho moja.

Basi hivyo tu. Kufumba jicho tu, na wale dada zake babu wakashikana.

Akaugeuza mwiko ukawa tezo ya kuchongea, akaanza kugonga hewani, taratibu, kichwa kimelala upande. Mjomba Festo akapita na suti yake. Mzee Saidi akamwangalia kwa lile jicho lililobaki. "Wewe fundi, usitingishe kichwa, nitakukosea pua."

Turubai zima likaanguka kicheko. Babu alimwitaga kila mtu fundi, hata polisi. Dada yake mmoja alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka tena kicheko, akawa anapiga mkeka kwa kiganja, "Ndo yeye, ndo yeye huyo." Hata mjomba mdomo ulimcheza upande mmoja. Na angalia, mwanangu, Mzee Saidi hakutaja sifa hata moja. Hakusema babu alikuwa hodari, hakusema alikuwa mwema, hakusema hana kifani. Alifumba jicho, na babu akaja.

Nikarudi kwa bibi. Sikuingia tena kifua mbele.

"Bibi, sasa niandike nini?"

"Umeishi naye. Wewe ulimwona akifanya nini?"

"Vitu vingi. Vya kawaida tu."

"Basi sema alichokifanya. Wema wake watausema wenyewe, midomo wanayo."

Nikaenda kukaa karakana, juu ya gogo, miguu kwenye maranda ya mpingo. Na hapa nakwambia siri ambayo mwalimu hatakwambia. Nilipoandika "nyota iliyong'ara" sikutoa hata chozi. Nilipoandika "alikuwa akifumba jicho moja kabla ya kukata", kalamu ilinigomea. Nikaiweka chini, nikaangalia barabara, nikaiokota tena. Ndo nikajua kwa nini nilikuwa nayakimbilia yale maneno makubwa. Yale hayaumi. Unaweza kuyaandika mchana kutwa ukatoka mzima, kwa sababu hayajamgusa mtu yeyote, hata wewe mwenyewe.

Kila neno nililoandika nikajiuliza: wale bibi wa mkekani, nikiwa nawapelekea chai, ningewaambia hivi? Kama jibu ni hapana, nilikata. "Pasi na kuchoka" ikaondoka. "Kinoma" ikaondoka. Ila usidhani niliandika ovyo. Sikuandika kwamba babu alikufa. Niliandika kwamba alifariki, kwa sababu ndivyo tunavyomsema mtu tuliyemheshimu. Tezo niliiacha tezo, mpingo nikauacha mpingo, maana hayo ndo majina ya vitu vyake. Nikawa nasoma kwa sauti, na kila pumzi ilipokatika nikaweka nukta. Nilipomaliza ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na ilinichosha zaidi.

Kesho yake watu walijaa mpaka kwenye uchochoro. Wakubwa wa mjomba walikaa mstari wa mbele, mashati meupe. Bibi naye mbele, upande wa wanawake, karibu kabisa na jeneza. Mjomba akanifuata na karatasi zilizochapwa, zina mpaka wa maua.

"Utasoma hii. Hiyo ya daftari weka mfukoni."

"Mjomba, bibi hiyo aliikataa."

"Bibi ana uchungu. Hawa watu wametoka kazini kuja hapa. Tusiaibike."

"Sawa, mjomba."

Nikaipokea kwa mikono miwili, adabu zote. Mkubwa hapingwi hadharani, mwanangu, anapokelewa. Halafu mshereheshaji akasema sasa tutasikiliza wasifu wa marehemu, nikasimama, nikaweka ya mjomba chini na ya daftari juu. Nilipanga nikiulizwa nitasema upepo ulizigeuza karatasi.

Mbele yangu nilikuwa na mashati meupe, na nilikuwa na bibi. Nikamtazama bibi. Nikasoma.

"Babu yetu Anselmi alizaliwa Newala. Alikuja Dar es Salaam kijana, na tezo ya baba yake kwenye gunia. Alichonga mpaka mikono ilipokataa. Alikuwa akifumba jicho moja kabla ya kukata, na aliyekuwa karibu alinyamaza bila kuambiwa. Yeye alimwita kila mtu fundi. Kinyago kikiisha alikiweka nje mlangoni. Watoto wakisimama kukitazama, alisema kimekubali. Wakipita bila kusimama, alikirudisha ndani akaanza upya. Alipenda chai yenye sukari nyingi. Daktari alipomkataza, aliinywa akiwa amegeukia ukuta ili tusimwone. Alikoroma."

"Nashuhudia," yule mpangaji wa upande wa pili akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka, lakini kicheko cha chini, cha watu waliokaa vizuri. Nikamwona mmoja wa wale wakubwa wa ofisini ameinama, anajifuta macho kwa kidole gumba. Sikuwa nimemwandikia yeye. Ilimfika tu.

Nikasoma kipande cha mwisho.

"Mie nililala sebuleni, na kati yangu na wao kulikuwa na pazia lisilofunika mlango wote. Kila usiku bibi akishasinzia, babu aliamka. Alizichukua kandambili za bibi alipozivulia, akazipanga kando ya kitanda, akazigeuza zielekee mlangoni, ili bibi akiamka gizani asihangaike kuzitafuta. Kisha alirudi kulala. Babu aliumwa kifua, akatibiwa, akafariki akiwa nyumbani. Ameacha mke, watoto, wajukuu na dada zake."

Nikashusha daftari. Bibi alikuwa ameinua kichwa. Hakunitazama mie. Alikuwa anatazama jeneza.

"Kumbe ni yeye," akasema. "Miaka yote nadhani naziweka mwenyewe."

Bibi akasogea, akaweka kiganja juu ya ubao wa jeneza, akakaa hivyo kidogo, machozi yanamtoka na mdomo unacheka. Halafu akageuka kwa vijana waliokuwa wamesimama tayari.

"Haya. Sasa mchukueni."

Tuliporudi kutoka makaburini mjomba Festo alinikuta nanawa mikono. Akasimama karibu, suti ina vumbi jekundu mpaka magotini, hakulipangusa.

"Upepo, siyo?" akasema.

"Ulikuwa mkali, mjomba."

"Ile ya kandambili. Hata mie sikuijua." Kisha akarekebisha tai. "Siku yangu ikifika, habari za kukoroma usiandike."

"Mjomba, siku hiyo hutakuwepo wa kunizuia."

Akanipiga kofi la kisogo, la upole, ndo likawa neno lake la mwisho kuhusu lugha.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana mzee haongei bure na kengele ya kipindi haiko mbali. Kabla hujashika kalamu, mtafute kwanza atakayekusikiliza. Mweke mbele yako na uso wake, na miguu yake kama imevimba, ndipo uanze. Ukimwandikia kila mtu, hutampata yeyote. Ukiandika uonekane unajua, watajua unajua, halafu watasahau ulichosema. Maneno ya kijiweni siyo mabaya, yapeleke kijiweni. Maneno ya kwenye kamusi siyo mabaya pia, ila neno usiloweza kumwambia bibi yako bila kubabaika, hilo bado si lako, liache likomae. Soma kwa sauti. Pumzi ikikuishia kabla ya nukta, nukta imechelewa. Na usije ukadhani wepesi ni uvivu. Mie nilitokwa jasho mara tatu, na lile la tatu tu ndo lilikuwa la kazi.

Mwalimu wako naye ni msomaji, usimsahau. Ana rundo la insha mezani, zote zinaanza na "Hapo zamani za kale palikuwa na", amechoka na chai imempoa. Mwambie kitu ulichokiona kwa macho yako. Atainua kichwa.

Nami nakuombea, mwanangu. Mungu akutengenezee mkono wako, akupe masikio kabla ya maneno. Akuepushe na sifa za watu wasiosikiliza. Akupe mtu mmoja wa kukwambia ukweli mapema, na wewe upate moyo wa kumsikia. Na lolote jema utakaloliandika juu ya mtu, limfikie angali hai. Amina.